Shajara ya mradi: Mama Mkubwa abaki nyumbani kwake Majengo, Moshi

Jumanne, 2 Januari 2024

Kaka ameondoka alfajiri kurudi Dar es Salaam, na Dada aliondoka jana na basi la Mwanza. Wamekwisha kuhesabiwa, kama watu wanavyotutania sisi wa Kilimanjaro kila Desemba tunaporudi nyumbani, na nyumba ya Majengo imebaki na sauti ya redio tu. Naanza kuandika leo kwa sababu niliahidi mbele ya kikao, na nataka kila hatua iwe na tarehe yake.

Kikao cha familia kilikaa kijijini Uru tarehe 30, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo la migomba, baada ya chakula. Kaka alisema mama ahamie kwake Kimara na nyumba ya Majengo ipangishwe yote. Hakusema kwa ubaya. Anatuma pesa anapopata, Dada naye hutuma, nami nanunua hiki na kile, lakini kila mwezi tunaambiwa hazikutosha na hakuna anayejua zimekwenda wapi. Amechoka kutojua. Dada alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na akianguka usiku?"

Mama Mkubwa alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Mimi kwangu ni Majengo. Nikihama pale nahamia hapa Uru, na siku hiyo mtanibeba." Sote tulielewa. Kaburi la Baba Mkubwa liko hatua thelathini kutoka tulipokaa.

Mama Mkubwa ana miaka 78. Ndiye aliyenichukua mama yangu alipofariki, nikiwa darasa la tatu, akanisomesha kwa biashara ya ndizi soko la Mbuyuni. Kwa hiyo nilisimama nikasema: nipeni mpaka Julai. Nikishindwa, sitapinga Kimara. Kaka akakubali, ila akataka hesabu iliyoandikwa, ya kila mwezi.

Jumamosi, 6 Januari

Leo tumehesabu. Nilidhani ingechukua saa moja, ikachukua mchana mzima, maana nilikosea mwanzo: niliuliza "unatumia kiasi gani" na yeye akanijibu kiasi anachopata. Anatumia anachopata. Kikiisha, anakopa dukani; duka likisita, anapunguza sahani. Ndipo nikabadili swali: mwezi mzima ukipita vizuri, umekula, umetumia dawa, umekwenda kanisani, umezika waliokufa, inatakiwa shilingi ngapi?

Tukaandika hivi kwa mwezi. Chakula 120,000. Mkaa 35,000. Umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, 23,000. Maji 19,000. Kliniki, dawa na usafiri wa kwenda huko 38,000. Misiba, harusi, sadaka na jumuiya 40,000. Sabuni, vocha, mafuta ya kupaka na madogo mengine 25,000. Jumla 300,000.

Upande wa kuingia: ana vyumba viwili vya uani, kila kimoja 30,000. Kimoja amepanga binti anayesomea uuguzi, analipa. Cha pili yupo kijana wa bodaboda ambaye hajalipa tangu Novemba. Sisi watatu tuliahidi 50,000 kila mmoja, lakini nilipojumlisha ujumbe wa simu wa miezi minne iliyopita, kwa wastani zilizofika ni 85,000. Ukiweka na kodi ya binti, ni 115,000.

Pengo ni 185,000. Nililitazama nikaona aibu. Miaka yote hiyo tumekuwa tukisema tunamtunza.

Nilitaka kuanza kukata kwenye ile 40,000 ya misiba na harusi. Nikamwambia, Mama Mkubwa, hapa tunaweza kushuka hadi kumi. Akaniuliza taratibu, "Nikiacha kwenda kwa watu, siku yangu nani atakuja?" Nimeiacha kama ilivyo. Dukani anadaiwa 94,000, na hilo nalo nimeliandika, ukurasa wake peke yake.

Jumamosi, 13 Januari

Maji. Bili ya 19,000 kwa mama mmoja na wapangaji wawili haikuniingia akilini. Tulifunga mabomba yote, tukasimama mbele ya mita: ile gurudumu ndogo ikaendelea kuzunguka. Tukafunga koki ya chooni, ikasimama. Boya la tangi la choo lilikuwa limechakaa na maji yalikuwa yakipita polepole usiku na mchana, bila sauti ya kumwamsha mtu.

Fundi, boya na mpira wake: 14,000. Nimelipa mimi. Tutaona bili ya Februari.

Jumatano, 24 Januari

Nimeomba ruhusa ya saa mbili shuleni nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Nilikwenda na maswali mawili.

La kwanza, TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Mtendaji alinieleza kwa uvumilivu kwamba kaya haziandikishwi kwa mtu kuja ofisini. Walengwa hutambuliwa kwenye mkutano wa jamii, kaya maskini sana kwanza, na nyumba ya tofali yenye wapangaji haitapita. Sikubishana. Nyuma yangu kwenye benchi alikaa bibi mwenye wajukuu wanne, na sikuweza kusema Mama Mkubwa amtangulie.

Kuna jambo linanikera kila nikilifikiria. Zanzibar walianza Pensheni Jamii mwaka 2016, kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, awe alikuwa mvuvi, mkulima au mama wa nyumbani. Walianza na 20,000 kwa mwezi. Huku Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya tangu 2003, lakini pensheni inamfuata aliyechangia mfuko. Mwanamke aliyeuza ndizi miaka arobaini, akalipa ushuru wa soko kila asubuhi, hana mfuko wa kumkumbuka. Hata 20,000 ingekuwa dawa zake.

La pili lilienda vizuri zaidi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, ila lazima atambuliwe: barua ya mwenyekiti wa mtaa, picha mbili, kitambulisho, kisha ustawi wa jamii. Nimeondoka na barua. Picha tutapiga Jumamosi, amesema lazima avae kitenge cha Pasaka.

Jumamosi, 3 Februari

Leo naandika mkono ukitetemeka.

Nilikuwa natafuta karatasi ya kliniki kwenye mkoba wake, nikakuta pakiti ya vidonge vya presha. Alipewa thelathini tarehe 8 Januari, kimoja kila siku. Siku 26 zimepita, vilitakiwa vibaki vinne. Nilihesabu mara mbili: kumi na saba.

Nikamuuliza. Akanyamaza, akanyoosha kanga magotini. Kisha akasema anakunywa leo, kesho anapumzika. Amefanya hivyo tangu mwaka juzi. Pakiti moja inakwenda miezi miwili, na kliniki anaenda mara moja pale ambapo angeenda mara mbili, nauli inabaki, pesa ya kumwona daktari inabaki. "Nilikuwa nawapunguzia," alisema.

Nilitoka uani nikalia, kisha nikarudi nikapaza sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia maishani. Nilimwambia kiharusi hakijui siku ya kupumzika. Nilimwambia gharama ya kidonge kimoja na gharama ya kumgeuza mgonjwa kitandani miaka mitano. Alinisikiliza mpaka nikaisha maneno. Halafu akasema, "Mwalimu, hayo ungeniambia bila kupiga kelele ningeyasikia."

Nimeomba msamaha. Lakini nimeelewa kitu kuhusu ile hesabu ya Januari. Pengo la 185,000 halikuwa la karatasi. Lilikuwa linazibwa kila mwezi na mtu, kwa mwili wake, na hakuna aliyeona risiti.

Jumatatu, 5 Februari

Kituo cha afya, asubuhi. Presha 178 kwa 100. Daktari kijana, mpole, alimweleza kwa mifano ya bomba la maji lenye mgandamizo, na Mama Mkubwa akamwambia hiyo ya mabomba anaijua, yametengenezwa juzi. Vidonge kila siku. Nimenunua kisanduku chenye vyumba saba. Yule binti wa uuguzi amejitolea kukijaza kila Jumapili.

Jumamosi, 17 Februari

Umeme. Nilikuwa najua bei ni moja kwa wote, na si kweli. Kuna tarifu ya matumizi madogo, D1, kwa nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi: uniti ni shilingi 100, ukiweka kodi na tozo ni 122. Sisi tulikuwa kwenye tarifu ya kawaida, ambako uniti pamoja na makato ni kama 356. Kwa nini? Kwa sababu miaka sita iliyopita chumba cha uani kilikuwa na mpangaji mwenye friji mbili, akiuza barafu. Alihama, friji zikahama, tarifu ikabaki.

Kijana wa bodaboda huwa anamwingizia tokeni na kuandika tarakimu zote kwenye kidaftari, Mungu ambariki kwa hilo. Nikajumlisha uniti za mwaka mzima: wastani 60. Nimepeleka barua ya kuomba tubadilishiwe, na kidaftari. Ikikubaliwa, uniti 60 zitakuwa 7,320 badala ya zaidi ya 21,000.

Ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi itaendelea. Upo msamaha kwa nyumba anayoishi mzee asiye na kipato, lakini yetu ina wapangaji. Hatukuomba.

Tahadhari niliyowapa wote wa nyumba ile: zikivuka 75, zinazozidi hutozwa bei kubwa. Binti ana jiko dogo la umeme. Tumekubaliana atumie mara moja kwa siku, na pasi siku ya Jumapili tu.

Bili ya maji imekuja: 8,000.

Jumamosi, 2 Machi

Kadi ya matibabu imetoka. Imechukua wiki tano na safari tatu, na safari moja tuliambiwa mhusika yuko kwenye semina. Lakini imetoka. Jana alikwenda nayo, akapitishwa mbele ya foleni, akamwona daktari bila kulipa. Dawa moja ilikuwepo, ya pili tukaambiwa tukanunue nje, 6,000. Ndivyo itakavyokuwa miezi mingine, nimeipangia 12,000 badala ya 38,000 nikiwa na hakika kwamba usafiri nao utapata ufumbuzi.

Sasa suala la michango, na hapa kuna jambo la kifamilia ambalo Kaka alikuwa halijui. Laini ya simu ya Mama Mkubwa haiko kwa jina lake. Alipokwenda kusajili, mashine ilikataa alama za vidole; miaka ya kumenya, kufua na kubeba mikungu imezilainisha vidole vyake kama sabuni. Ikasajiliwa kwa jina la mjukuu, na mjukuu ndiye mwenye namba ya siri. Pesa inaingia, mjukuu anatoa, na mara nyingine anachelewa, na mara nyingine inafika pungufu na maelezo. Mama Mkubwa hakutaka kumsema. Mimi pia sitaandika zaidi.

Nilipendekeza kwenye kundi la familia tuache kutuma pesa moja kwa moja, kila mmoja abebe kitu. Dada atamlipa msaidizi wa asubuhi, 60,000: binti wa jirani, siku tatu kwa wiki, 5,000 kwa siku, afue, apige deki, achote, amsindikize. Kaka atalipa dukani 50,000 ya chakula, mwenye duka atatuma picha ya daftari kila mwisho wa mwezi. Mimi 40,000, mkononi mwake, kwa ajili ya misiba, harusi na jumuiya, maana hiyo lazima aitoe kwa mkono wake mwenyewe. Kaka alijibu saa tano usiku, neno moja: "Sawa." Leo asubuhi mwenye duka amenipigia kuthibitisha. Kaka ameanza kwa kufuta lile deni la 94,000.

Jumamosi, 23 Machi

Aliteleza. Si sana, ameumia kiwiko. Alikuwa anakwenda choo cha uani saa tisa usiku, njia ni udongo na mvua zimeanza. Alijiinua mwenyewe na hakumwamsha mtu. Nilijua kwa sababu binti wa asubuhi aliona tope kwenye kanga.

Swali la Dada la kikao: na akianguka usiku? Nilikuwa nimelisogeza mbele kwa sababu halikuwa la pesa. Nimekosea kuliona hivyo.

Nilimweleza mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani baada ya sala ya Alhamisi. Leo wamekuja wanaume saba na kinamama zaidi ya hao, msaragambo kama wa kijijini, mifuko mitatu ya saruji (miwili jumuiya, mmoja mimi), kokoto alizotoa jirani. Saa nane mchana njia ilikuwa imemwagwa zege kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, imekwaruzwa kwa ufagio ikiwa mbichi ili isiteleze. Fundi wa kuchomelea ameweka bomba la kushikia ukutani chooni na lingine kwenye ngazi, 45,000 yote. Taa moja nje. Ndani, ile sakafu nyekundu inayong'arishwa kila Jumamosi tangu nikiwa mtoto tumekubaliana isipakwe nta tena. Hapo alisononeka kweli. Sakafu ile ilikuwa fahari yake.

Niliwapikia mtori wa ndizi. Mama mmoja wa jumuiya alikuwa anaosha bakuli, akaniambia, "Huyu alizika mume wangu wakati ndugu zangu hawajafika." Nikakumbuka ile 40,000 niliyotaka kuikata.

Jumatatu, 1 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Chumba cha mbele kilichokuwa stoo kina mpangaji, 50,000 kwa mwezi, amelipa miezi mitatu mbele. Kaka alitoa 110,000 za mlango wa nje na rangi. Mama Mkubwa alichagua mpangaji mwenyewe kati ya watatu waliokuja. Aliwauliza swali moja tu: wazazi wako unawapigia simu lini na lini?

Tarifu imebadilishwa. Tokeni ya kwanza ya bei mpya imeingia leo.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua za wiki hii zimeleta mafuriko hadi baadhi ya kata za Moshi na kuchukua watu. Majengo tumesalimika, lakini paa la jikoni lilifunguka usiku wa Alhamisi. Mabati mawili yamekwisha kutu. 150,000 ya mpangaji mpya imekwenda yote huko: mabati, mbao, misumari, fundi. Nilikuwa nimeipangia akiba. Haipo, na paa lipo.

Presha yake ya Ijumaa: 142 kwa 84. Nimeandika kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, 11 Mei

Kijana wa bodaboda. Miezi sita, 180,000. Nimekuwa nikilizungushia hili tangu Januari na wiki iliyopita niliamua: notisi ya mwezi mmoja, atoke. Nikaandika barua. Nikamsomea Mama Mkubwa kwanza, kwa sababu nyumba ni yake.

Alisema hapana.

Nikamwambia Mama Mkubwa, 30,000 kwa mwezi ndiyo dawa zako na umeme wako. Akaanza kunihesabia yeye, kwa vidole. Nani anagonga dirisha kila saa kumi na mbili asubuhi, "Bibi, umeamkaje?" Nani anaingiza tokeni? Nani alimkimbiza kituoni siku ya homa, usiku, bila kuuliza nauli? Maji yakikatika nani anabeba ndoo? "Wewe unakuja Jumamosi," alisema. Si kwa kunilaumu. Alikuwa anahesabu tu.

Kijana mwenyewe hakujua tunachozungumza, au alijua. Jioni alikuja na jani la isale mkononi, ambalo kwetu Wachaga ni la kuombea msamaha, amesimama mlangoni, hakuingia. Ni Mrombo, ana miaka 24. Pikipiki ni ya mkataba, kila siku anapeleka hesabu kwa mwenye nayo, na tangu ilipogongwa Novemba matengenezo yote yamekuwa juu yake. Alisema anaomba radhi kwa kukaa kimya, kuliko kwa deni lenyewe. Mama Mkubwa alinyoosha mkono akalipokea lile jani. Kwetu ukiletewa isale hukatai.

Kwa hiyo 180,000 imefutwa. Mimi nisingeifuta, na nimeandika hivyo ili Kaka asome. Lakini kuanzia mwezi huu analipa 15,000, na 15,000 nyingine ni kazi inayojulikana: kliniki kwenda na kurudi, maji, na lile dirisha la asubuhi. Nilijaribu kupiga bei ya mtu wa kumjulia hali mzee kila alfajiri, siku 30 kwa mwezi. Sikupata wa kunifanyia kwa 15,000.

Jumamosi, 15 Juni

Mkaa. Nilinunua mtungi mdogo wa gesi mwezi uliopita, na umekaa kona ya jikoni umefunikwa kitambaa kama kinanda. Anauogopa na sitamlazimisha. Badala yake jiko banifu, 18,000. Debe alilomaliza kwa siku nne sasa linakwenda wiki nzima kasoro siku moja. Mtungi nimeuhamishia kwangu.

Shule zimefungwa, nimekwenda Uru kuzungumza na shemeji anayelima kihamba. Hajawahi kukataa kutoa ndizi. Hakuna aliyewahi kumwomba kwa utaratibu. Mikungu mitatu ya ndizi mshare kila mwezi itashuka na daladala mpaka Majengo. Kuna mama lishe wawili mtaa wa pili wanaopika mtori. Mkungu wa kwanza Mama Mkubwa ameuuza mwenyewe, amekaa barazani, na nilimsikia akikataa bei ya kwanza na ya pili kwa sauti ile ya Mbuyuni ambayo sikuisikia miaka kumi.

Jumamosi, 20 Julai

Hesabu niliyoahidi. Kaka na Dada wataipata leo usiku.

Chakula 120,000. Mkaa 22,000. Umeme na kodi ya jengo 9,000. Maji 8,000. Dawa 12,000. Misiba, harusi, sadaka na jumuiya 40,000. Madogo mengine 25,000. Binti wa asubuhi 60,000. Jumla 296,000.

Ni karibu ileile 300,000 ya Januari, na nataka Kaka aitazame vizuri kabla hajasema hakuna kilichopungua. Ndani ya hii kuna mtu wa kumfulia na kumsindikiza, kuna vidonge vya kila siku, sahani haipunguzwi, na duka halidai.

Inayoingia: vyumba vitatu, 30,000 na 15,000 na 50,000, ni 95,000. Mpangaji wa mbele ameanza kulipa tena mwezi huu. Sisi watatu 150,000, na tangu Machi haijakosekana hata mara moja. Ndizi mikungu mitatu kwa 10,000, ni 30,000. Jumla 275,000.

Pengo 21,000. Limebaki, na paa la chumba cha kulala halitavuka masika mengine bila kuguswa. Nitaomba kikao cha Desemba kianze na paa.

Nimemsomea yote jioni hii, mstari kwa mstari, amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Alisikiliza bila kusema neno mpaka nilipofika kwenye ndizi. Akanyoosha kidole.

"Elfu kumi kasema nani?"

Nikamwambia ndivyo alivyouza ule wa kwanza.

"Ule ulikuwa mdogo, na nilikuwa namvuta mteja. Mshare wa Uru mwezi wa saba ni kumi na mbili. Wote wawili wamekwisha kukubali. Andika."

Nimefuta, nimeandika 36,000. Pengo 15,000.